Mama Mashavu na Mlango wa Ndoto

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wangali wakigongeana hodi na kuazimana chumvi, aliishi Tembo mmoja jike katika bonde lenye udongo mwekundu. Mumewe alikuwa amekufa siku nyingi. Alibaki na binti mmoja tu, jina lake Mashavu.

Aliitwa hivyo kwa sababu kila ulipomwona, mashavu yake yalikuwa yamejaa kitu. Kama si karanga, muwa. Kama si muwa, kipande cha muhogo alichokidokoa jikoni. Na kwa ajili ya binti huyo bonde zima lilimwita Tembo "Mama Mashavu". Jina lake la utotoni lilikuwa limesahaulika, na yeye mwenyewe hakutaka likumbukwe.

Basi, mwaka mmoja masika yakaja kwa hasira. Mto ukajaa, ukawa unavuma vuuu! vuuu! kama mnyama mgonjwa. Mashavu akaenda kuvuka pale alipozoea kuvuka. Mto ukamchukua.

Walimkuta mbali, kwenye matete, amelala ubavu kama mtoto aliyechoka kucheza. Wakamzika. Matanga yakakaa, matanga yakaondoka. Majirani wakarudi makwao.

Hapo ndipo msiba ulipoanza. Maana msiba, wanangu, hauanzi siku ya kilio. Siku ya kilio nyumba imejaa watu. Msiba huanza siku mikeka inapokunjwa.

Majirani wakaacha kumwita Mama Mashavu. Walidhani wanamhurumia. Wakawa wanamwita "jirani", wanamwita "dada". Na kila alipoitwa hivyo, yeye aliona kama mwanawe anazikwa upya.

Kisha likazuka jambo jingine, nalo lilimla zaidi.

Asubuhi moja Bi Ngiri, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimwita uani. "Dada! Dada yangu! Nimemwota mwanao. Loo, nimemwona vizuri kabisa. Anacheka."

Tembo akashika kifua. "Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Alicheka tu, akapita."

Baada ya hapo Twiga naye akamwota. Hata Punda, aliyekuwa hamjui mtoto yule ila kwa salamu za njiani, akaja mbio, tuku tuku tuku, kusema amemwota Mashavu anakula muwa.

Mama mtu peke yake ndiye hakumwota. Kila usiku alilala akisema moyoni, "Leo atakuja." Kila asubuhi aliamka hana kitu.

"Mbona kwa wengine anakwenda?" alijiuliza. "Mbona kwangu haji?"

Bi Ngiri alipobisha tena, Tembo hakumfungulia. Alikuwa anamwonea wivu jirani yake kwa ndoto. Aliona aibu kwa wivu huo, lakini hakuweza kuutoa.

Sasa mjueni na Kindi. Kindi alikaa mlimani, kwenye pango la mti wa mvule, yeye na mkewe. Hakuwa na njaa ya kufa. Alikuwa mvivu tu. Jembe lake liliota utando wa buibui. Lakini ulimi wake, ah! Ulimi huo ulilima masika na kiangazi, na kila ulipolima ulivuna.

Huyo Kindi akasikia kwa Punda kwamba Tembo analia kwa sababu ya ndoto. Akakaa, akakuna sikio, akafikiri. Kisha akateremka.

"Hodi! Hodi kwa Mama Mashavu!"

Ndani, Tembo aliangusha mwiko, pwa! Akafungua mlango upesi. Akatazama huku na huku, hakuona mtu, mpaka alipotazama chini.

"Umeniitaje?"

"Shikamoo. Nimekuita Mama Mashavu. Kwani una jina jingine?"

Machozi yakamtoka Tembo, tone kwa tone, puu, puu, kwenye vumbi. "Marahaba, mwanangu. Pita. Pita ndani ukae."

Tazama basi. Milango yote ya nyumba ile ilikuwa imefungwa, na Kindi aliifungua kwa jina moja.

Akaketi. Akakaribishwa uji wa mtama uliokorogewa karanga, akanywa mpaka mkia ukamsimama. Kisha akasema kwa sauti ya pole, "Nini kinakuliza, mama?"

"Bonde zima linamwota mtoto wangu. Mimi niliyemzaa simwoti."

"Na ukimwota, utamwambia nini?"

Neno hilo Tembo alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

"Asubuhi ile," akaanza, "nilimkuta anatafuna karanga za mbegu. Nikamfokea. Nikamwambia, 'Toka hapa, mlafi we! Toka, na usirudi!' Akatoka. Akaenda mtoni. Nilimwambia asirudi, Kindi. Na mwanangu alikuwa msikivu. Labda ndiyo maana haji. Nataka kumwambia arudi."

Mkia wa Kindi ukaanguka. Kwa muda mfupi, mfupi sana, aliinama kama kiumbe mwenye haya. Pengine angeinuka akaenda zake. Lakini upepo ukavuma kutoka ghalani, ukaleta harufu ya karanga kavu, magunia kwa magunia.

"Mama," akasema, "nijibu hili. Jana jioni ulikula nini kabla ya kulala?"

"Huo huo uji uliokunywa wewe."

"Wenye karanga?" Kindi akaruka juu ya kinu. "Ala! Karanga jioni! Ungeniita mapema, mama!"

"Karanga zina nini?"

"Zina mafuta. Ukilala, mafuta hupanda, hupanda, mpaka kwenye kope. Kope zinagandana, nda! Mlango wa ndoto unafungwa. Mtoto anakuja, anabisha, ko ko ko, mama hasikii. Masikini, anazunguka, anakwenda nyumba ya pili. Bi Ngiri hula nini jioni?"

"Mizizi."

"Umeona! Twiga je?"

"Majani ya mgunga."

"Umeona! Na Punda?"

"Nyasi tu."

"Umeona mwenyewe! Katika bonde hili, nani anakula karanga usiku kama si wewe?"

Tembo akatafakari. Ilikuwa kweli, hapakuwa na mwingine. Na maneno yale yalimwingia kwa urahisi, kwa kuwa yalisema kile alichotamani kusikia: kwamba mtoto hakukasirika. Mtoto alikuwa anakuja kila usiku, ila alikuta mlango umefungwa.

"Basi sitazila tena."

"Kutozila peke yake hakutoshi. Harufu je? Harufu hukaa mlangoni kama mbwa mkali. Lazima zitoke nyumbani. Lakini usijisumbue, mama, wewe una msiba. Nitazichukua mimi nikazimwage mtoni. Ila usimwambie mtu. Dawa ya ndoto ikitangazwa hupoa."

Akaja na mkokoteni wake mdogo. Kwiri, kwiri, kwiri, ukaenda umejaa. Kwiri, kwiri, kwiri, ukarudi mtupu. Mpaka jua linatua, ghala la karanga lilikuwa tupu.

Tembo alilala na moyo unaomdunda kama wa bibi harusi. Asubuhi Kindi alikuwa mlangoni.

"Umemwota, Mama Mashavu?"

"Sikumwota."

"Ebo! Ulikula nini?"

"Mahindi ya kuchemsha."

"Mahindi! Mama, mahindi yananguruma tumboni usiku kucha. Mtoto alikuja akasikia ngurumo, akadhani mto unajaa tena. Akakimbia!"

"Yarabi, nimemtisha mwanangu!" Tembo akalia, na mahindi yakatoka siku ile ile. Kwiri, kwiri, kwiri.

"Umemwota?"

"Sikumwota. Nililamba asali kidogo tu, koo lilikuwa linaniuma kwa kilio."

"Asali! Inanata, mama! Mtoto amenasa kizingitini!"

Mitungi ya asali ikatoka. Kisha ndizi, kwa kuwa zinateleza. Kisha muhogo, kwa kuwa ni mzito. Kila chakula Kindi alikipatia kosa, na kila kosa lilipakiwa kwenye mkokoteni. Mwisho Tembo akawa anachuma mchunga, yale majani machungu yanayoota kando ya njia, anachemsha, anakula kidogo, analala.

Akakonda. Ngozi ikaning'inia kama nguo aliyoazimwa na mkubwa wake. Bi Ngiri akabisha.

"Dada, mbona moshi hauonekani jikoni kwako?"

"Sijambo. Nenda zako."

"Nimekuletea..."

"Nimesema sijambo!"

Bi Ngiri akasimama kidogo nje, kisha miguu yake ikasikika ikienda.

Halafu, alfajiri moja, Tembo akaota. Akaamka anatweta. Kindi alipofika alimkuta amesimama nje anamngoja.

"Nimeota! Kindi, nimeota!"

"Umemwona?"

"Hapana. Nimeona chungu. Chungu kikubwa cha uji, kinachemka, tokota tokota, povu linamwagika. Nikasogea, kikapotea."

Wanangu, hata ninyi mnajua ndoto ile imetoka wapi. Mwenye njaa huota chakula. Lakini Kindi alipiga makofi.

"Umekaribia, mama! Nani anapika uji ule? Si yeye? Yuko jikoni! Amebakiza mlango mmoja tu!"

"Jikoni?" Tembo akacheka na kulia pamoja. "Alikuwa anapenda kukaa jikoni."

"Umebakiza mlango mmoja," Kindi akarudia. Pua yake ikacheza, ikanusa, ikanusa. "Na mlango huo unafungwa na kitu ulichonificha. Nasikia harufu ya karanga humu ndani."

Tembo akaacha kucheka. Juu ya kitanda chake palikuwa na kapu dogo, limefunikwa kwa kitambaa. Humo mlikuwa na karanga za mbegu. Mashavu ndiye aliyezipanda mwaka uliotangulia, akazipalilia kwa mkonga wake, akazing'oa, akazianika. Zilikuwa za kupandwa masika yajayo.

"Hizi sizitoi," Tembo akasema. "Hizi ni kazi ya mwanangu. Sina kitu kingine chake."

"Sawa, mama." Kindi akajifuta macho yaliyokuwa makavu. "Unataka karanga, au unamtaka mtoto?"

Nzi aliruka, akatua. Tembo akalishusha kapu taratibu, akalishika kifuani, kisha akaliweka kwenye mkokoteni.

Kwiri, kwiri, kwiri, Kindi akaondoka.

Lakini Tembo hakuweza kukaa. Zile nyingine zilikuwa chakula. Hizi alitaka kuziona zikiingia majini, aziage kama alivyomuaga Mashavu kule makaburini. Akatoka, akafuata nyuma. Alikuwa dhaifu, akapumzika kila kichaka, na mkokoteni ukampotea machoni. Akabaki anafuata alama za magurudumu.

Alama zilikwenda mpaka njia panda. Kushoto ni mtoni. Alama zikaenda kulia.

"Labda kuna njia nyingine ya mtoni," Tembo akajiambia.

Alama zikapanda mlima. Mto haupandi mlima, nanyi mnajua, naye alijua. Ila miguu yake iliendelea kusema labda, labda, mpaka ikafika kwenye mti wa mvule. Hapo akasikia: kacha! kacha! kacha! Kitu kinaruka kikaangoni.

Mke wa Kindi alikuwa nje, anakaanga. Alipomwona Tembo akaacha mwiko, akainama kwa heshima.

"Shikamoo, Mama! Karibu, karibu sana! Mungu amlaze mwanao pema. Sijui nikushukuru vipi. Karanga zile zote, mahindi, asali! Nilimwambia mume wangu, mama yule ana msiba, na bado anagawa. Ana moyo gani huyu?"

Kutoka pangoni Kindi akachomoza kichwa, mashavu yamejaa. "Nyamaza, mke wangu!"

"Ninyamaze nini? Nisimshukuru? Ulisema amekupa kwa sababu unamfariji!"

"Nimesema nyamaza!"

Tembo hakuwasikia. Alikuwa anatazama kikaango. Karanga zote zilikuwa humo, na kapu lilikuwa chini, limelala mdomo wazi. Nyingine zilikuwa zimeanza kuungua. Karanga iliyokaangwa, wanangu, haioti tena hata uipande kwenye udongo wa namna gani.

"Hizi alizilima mwanangu," Tembo akasema.

"Mwanao alizilima hizi?" mke wa Kindi akauliza polepole. Alikuwa ameona uso wa Tembo. Akamgeukia mumewe. "Kindi! Umefanya nini?"

Kindi akataka kuruka kwenye tawi. Mkonga ukamdaka hewani, ukambana chini, na mguu wa Tembo ukainuka juu yake, mzito, mpana, ukafunika jua.

"Mama Mashavu! Mama Mashavu, nakusihi!"

"Usiniite hivyo!" Tembo akanguruma mpaka ndege wakaruka bonde zima. Kisha sauti ikashuka, ikawa kama ya mgonjwa. "Nijibu neno moja. Sema kweli, mara moja tu katika maisha yako. Chakula gani kinamleta?"

Uongo ulimjia Kindi mdomoni, kama ulivyomjia siku zote. Mara hii haukutoka.

"Hakuna," akasema. "Hakuna chakula kinachomleta, wala kinachomzuia. Sijui kwa nini humwoti. Sijui kitu. Nilitaka karanga tu."

Mguu ukabaki pale pale juu. Tembo hakuwa na uchungu wa karanga, wala wa mahindi, wala wa asali. Kilichomchoma ni kwamba njia ile ilikuwa imekwisha. Jana alikuwa na mlango mmoja uliobaki. Leo hapakuwa na mlango.

Akatazama chini. Chini ya mguu wake palikuwa na mwili mdogo, umelala ubavu, unahema. Aliwahi kuona mwili mdogo umelala hivyo. Akaushusha mguu pembeni.

Mke wa Kindi alikuwa analia. Akainua kikaango kwa mikono miwili. "Mama, chukua zilizobaki. Sina kingine cha kukurudishia."

Tembo akachukua karanga moja, akaiweka ulimini. Ilikuwa tamu. Akageuka, akaenda.

Hakufika nyumbani. Karibu na uzio wa Bi Ngiri miguu ilimwishia nguvu, akaanguka, puuu! Vyombo vikatikisika kwenye rafu.

Bi Ngiri akatoka mbio, na wanawe nyuma yake. "Dada! Uwii, dada yangu! Nani amekufanya hivi?"

"Mimi mwenyewe," Tembo akasema. "Nilikuwa natafuta ndoto."

Bi Ngiri hakuuliza zaidi. Akawasha moto, akapika uji, akaupoza kwa kuumimina kutoka kata hadi kata, akamnywesha kidogo kidogo. Tembo aliposhiba maneno yakaja yenyewe. Akasimulia yote: karanga, mkokoteni, kikaango. Akasimulia na lile neno la asubuhi ile.

"Nilimwambia asirudi, Bi Ngiri. Ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu."

Bi Ngiri akaweka kata chini. "Dada, mimi hawa wangu nimewaambia wasirudi leo leo asubuhi. Wamenivunjia mtungi. Nimewaambia, 'Poteleeni mbali, nisiwaone tena!' Wako wapi sasa?"

Tembo akageuza kichwa. Vingiri vilikuwa nyuma yake vinagombania ukoko wa uji, vimejipaka mpaka masikioni.

"Hakuna mtoto anayeliamini neno hilo," Bi Ngiri akasema. "Wako naye hakuliamini. Alikwenda kucheza, na alijua atarudi kula."

Tembo akalia. Alilia kwa sauti, hakujificha, na Bi Ngiri akakaa karibu naye, bega kwa mguu, mpaka kilio kikapungua. Hakumwambia anyamaze. Hakumwambia kesho kutakuwa na nafuu. Siku iliyofuata akapika tena, na Twiga akaleta, na Punda akaleta, na wote wakamwita Mama Mashavu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwaomba.

Kindi je? Mkewe hakumsemesha muda mrefu. Na bondeni hakushuka tena ila kwa mbio, akisimama kila hatua kutazama nyuma, kwa hofu ya mguu ule.

Naona mnataka kuniuliza: je, mwishowe Mama Mashavu alimwota mwanawe? Sitawadanganya, maana alikwisha kudanganywa vya kutosha. Hakumwota. Hakumwota mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Alikula karanga jioni, akalala. Alikula mchunga, akalala. Ikawa ni mamoja. Lakini alikula, na aliamka, na mchana alimtaja mwanawe kwa jina.

Aliyefiwa haletewi ahadi, huletewa uji.